Moshi Wenye Alama 93

Jarida la Marekani la Cigar Aficionado, lililoanzishwa na Marvin Shanken mwaka 1992, huzipa biri alama kwa kipimo cha 100. Biri ninayoizungumzia ni ile sigara nene isiyo na karatasi wala kichungi, tumbaku tupu kutoka nje hadi ndani, inayosokotwa kwa mkono, na moja tu yaweza kuuzwa kwa bei ya gunia la mkaa. Ikipata 95 na zaidi inaingia daraja la juu kabisa. Kati ya 90 na 94 ni bora sana. Ikianguka chini ya 70, mnunuzi anashauriwa asipoteze fedha zake. Utaratibu huu umetoka kwenye mvinyo, ambako mkaguzi Mmarekani Robert Parker aliwazoeza watu alama hizo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na kibiashara hauna mpinzani: mteja akishaona 93 imebandikwa kwenye rafu hana cha kumuuliza muuzaji, na muuzaji halazimiki kujua lolote.

Ninachokitilia shaka si uaminifu wa wanaotoa alama bali hesabu yenyewe. Ndani ya 93 kuna mambo ya aina mbili yaliyojumlishwa kana kwamba ni ya aina moja. Kuna kazi ya mikono, ambayo yeyote mwenye macho na subira anaweza kuikagua na wa pili akafika pale pale. Na kuna ladha, ambayo ni ushahidi wa kinywa kimoja siku moja.

Tuanze na kazi ya mikono. Ndani kabisa ya biri kuna majani marefu kadhaa yaliyolazwa kwa urefu. Yanashikwa pamoja na jani la kufungia. Juu yake linazungushwa jani la nje, laini, lisilo na tundu, ambalo kwa kawaida ndilo ghali kuliko yote. Majani ya ndani hayalingani. Yale ya juu ya mmea, yaliyopigwa na jua zaidi, ni manene, yana mafuta na nikotini nyingi, na huungua polepole. Wakuba huyaita ligero. Ya katikati, seco, ndiyo yanayobeba harufu. Ya chini, volado, ni mepesi, na kazi yake kubwa ni kuufanya moto usizimike. Msokotaji, mbele ya ubao wake na kisu kifupi cha bapa kiitwacho chaveta, anatakiwa kuliweka ligero katikati kabisa na mengine yalizunguke. Likisogea upande mmoja, upande huo utachelewa kuungua na biri nzima itaungua mshazari. Tena anatakiwa aache njia za hewa kati ya jani na jani. Akikaza sana, au akayapotoa majani badala ya kuyalaza, moshi haupiti. Mtu huyo husokota biri zipatazo mia moja kwa siku. Iliyo mkononi mwako ni ya tatu, fundi akiwa ameamka vizuri, au ni ya tisini na saba. Sandukuni haikuandikwa.

Kwa hiyo mkaguzi huanza na vidole, kiberiti baadaye. Anaiminya biri taratibu kwa kidole gumba na cha shahada, kutoka kichwani hadi mguuni. Inapaswa kubonyea kidogo na kurudi. Palipo pagumu pana fundo la majani au mshipa mnene ambao haukutolewa. Palipo laini mno pana pengo, na moto ukifika hapo utakimbia na moshi utababua ulimi. Anatazama mishipa ya jani la nje, na kama rangi yake imelingana. Anatazama kofia, yaani kipande cha jani kilichobandikwa kichwani ili jani la nje lisifumuke. Kwenye biri za Kuba kofia huonyesha miviringo mitatu myembamba iliyopandana, na fundi mvivu hujulikana hapo. Kisha anaikata kofia milimita mbili hivi na kuivuta kabla ya kuiwasha. Hewa ikija kwa shida, hakuna ladha itakayoikomboa biri hiyo, iwe imetoka bonde gani.

Viwanda vyenyewe vinalijua hilo. Katika miaka ya 1990 wazimu wa biri ulipolipanda soko la Marekani na Ulaya, Kuba iliongeza uzalishaji haraka, na wanunuzi wakaanza kulalamikia biri zilizoziba, nzuri kwa macho na bubu kinywani. Baadaye zikaletwa mashine za kupima mvuto, ambazo hunyonya hewa kupitia bunda la majani kabla halijavishwa jani la nje. Mashine hiyo haijui kakao wala mwerezi. Inajua hewa inapita au haipiti, na imemsaidia mvutaji kuliko mashairi yote ya wakaguzi wa ladha.

Ikishawashwa, kwa njiti ya kiberiti iliyoachwa kwanza imalize baruti yake au kwa gesi isiyo na harufu, kinachotazamwa ni mstari wa moto. Uende sawasawa kuzunguka biri nzima, mwembamba. Jivu likishikamana kwa sentimita mbili au tatu, ni dalili kwamba ndani mna majani mazima na si vipande. Weupe wa jivu una maana ndogo. Hutegemea zaidi madini ya udongo, magnesi hasa, kuliko ustadi wa mtu. Kuna watu wazima wanaofanya mashindano ya jivu refu, lakini hilo ni suala la burudani. Hali kadhalika weusi wa jani la nje: wengi huamini kwamba biri nyeusi ni kali. Weusi huo hutokana zaidi na uvundikaji mrefu na wa joto, na mara nyingi huleta utamu. Ukali umo ndani, kwenye ligero, usikoonekana.

Mpaka hapa watu wawili wanaweza kubishana na mmoja akaonyeshwa kuwa amekosea. Tukiingia kwenye ladha, mambo yanabadilika.

Kwanza, moshi wa biri haumezwi. Sababu si adabu za vilabuni, ni namna jani linavyokaushwa. Tumbaku ya Urambo, Tabora, kama ilivyo tumbaku nyingi ya sigara za kawaida, hukaushwa kwa joto la moto ndani ya mabani kwa muda wa wiki moja hivi. Sukari yake hubaki, moshi wake huwa na asidi, na nikotini haipenyi vizuri mpaka ifike mapafuni. Jani la biri hukaushwa kwa hewa kwa wiki nyingi, kisha hurundikwa katika malundo makubwa yanayojipasha joto yenyewe na kutoa amonia. Sukari karibu yote huisha. Moshi wake huelekea upande wa pili, wa alkali, na nikotini hupenya kwenye ngozi ya ndani ya mdomo bila kungoja mapafu. Ndiyo maana mgeni aliyevuta biri kali tumbo likiwa tupu hutokwa jasho jembamba na kutafuta pa kuketi. Ndiyo maana pia kauli ya kwamba "mimi simezi moshi" haimkingi mtu: ripoti ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ya mwaka 1998 ilizihusisha biri na saratani ya mdomo, koo, umio na mapafu, na biri moja kubwa yaweza kuwa na tumbaku ya pakiti nzima ya sigara. Mkaguzi wa biri ni mtu anayepima kwa umakini mkubwa ubora wa kitu kinachomdhuru. Hilo linapaswa kuandikwa mahali fulani kwenye fomu yake, lakini sijaona kisanduku chake.

Mkaguzi huigawa biri mafungu matatu kwa urefu na kuandika kila fungu peke yake, maana biri hubadilika njiani. Moshi hupita kwenye majani ambayo bado hayajaungua na kuacha humo lami na nikotini, kwa hiyo kadiri moto unavyosogea ndivyo unavyoyakuta majani yaliyoshiba zaidi. Fungu la kwanza mara nyingi lina pilipili manga. La pili hutulia. La tatu huwa zito, la moto, na biri mbovu hapo hugeuka uchungu mtupu. Mkupuo mmoja kwa dakika unatosha. Anayevuta upesi huipasha biri kupita kiasi, halafu huilaumu.

Ulimi wenyewe haujui mengi: utamu, uchungu, chumvi, ukali wa ndimu na kijimambo kingine cha mchuzi. Kahawa, kakao, karanga na mbao zinazoandikwa kwenye ukaguzi hutambuliwa na pua, na ndiyo sababu mkaguzi huachia moshi kidogo utokee puani. Hakuna aliyetia kahawa humo. Ni kwamba uvundikaji na moto huzaa harufu zinazokaribiana na zile tunazozijua, na kila mtu huzitaja kwa alizozikuta maishani. Mkaguzi wa London huandika kwamba amepata ngozi ya tandiko la farasi. Sina tandiko la farasi katika kumbukumbu zangu, na nashuku kwamba wengi wanaoliandika wamelipata kwa wenzao walioliandika kabla yao. Mtu wa Unguja kwa moshi huo huo angesema udi, na asingekuwa amekosea.

Nimejaribu hili kwa jani la Kamerun, ambalo nalipenda kuliko mengi. Hulimwa mashariki mwa Kamerun na katika Jamhuri ya Afrika ya Kati kutokana na mbegu zenye asili ya Sumatra, bila kufunikwa na vitambaa vya kivuli, kwa kuwa mawingu ya huko yanatosha. Lina vipele vidogo vya mafuta unavyovihisi kidoleni, na hubaki kuonekana hata kwenye jivu. Familia ya Fuente ya Jamhuri ya Dominika huvisha nalo biri zake za Hemingway. Puani mwangu hutoa mdalasini na mbao mpya ya seremala. Rafiki aliyevuta ya sanduku hilo hilo alipata karanga za kukaanga, basi. Tumpe nani kati yetu zile alama?

Mvinyo umeshalipima swali hili. Mtafiti Robert Hodgson alichapisha mwaka 2008 matokeo ya jaribio kwenye mashindano ya mvinyo ya jimbo la California: waamuzi waliletewa mvinyo wa chupa moja mara tatu bila kujua, na ni kama mmoja tu kati ya kumi aliyetoa hukumu inayofanana. Sioni kwa nini moshi uwe na waamuzi bora kuliko hao. Cigar Aficionado kwa haki yake huzivua biri pete za karatasi na kuzivisha namba kabla ya kuwapa wakaguzi. Wavutaji wa kawaida hatufanyi hivyo, na pete ina ladha yake. Pierre Salinger, msemaji wa Rais Kennedy wa Marekani, alisimulia kwamba mwaka 1962 rais huyo alimwagiza amtafutie haraka biri 1,000 za Kuba. Alipoleta 1,200, rais akatia saini marufuku ya bidhaa za Kuba. Tangu hapo biri ya Kuba inayovutwa Marekani ina kiungo ambacho hakilimwi: marufuku. Bei nayo ni kiungo. Mwaka 2022 Habanos, kampuni inayouza biri za Kuba, iliipandisha bei biri yake ya Cohiba katika masoko mengi hadi ilingane na bei ya juu ya Hong Kong. Jani lilikuwa lile lile la mwezi uliotangulia.

Na kuna hifadhi. Biri hutaka unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Ikiachwa kabatini hivi hivi huko Dar es Salaam huvimba na kuota ukungu, na joto likipita nyuzi 24 hivi mayai ya mdudu wa tumbaku huanguliwa na kuitoboa. Huko Dodoma, kwenye hewa kavu, hupasuka. Kwa hiyo mtu wa Masaki, Dar es Salaam, anayeilaumu biri kwa kuungua vibaya huenda alipaswa kukilaumu kiyoyozi chake, na alama iliyotolewa New York haikumwambia biri ile ilitunzwaje.

Ningependa ukaguzi utenganishe safu mbili, ya kazi na ya ladha, zisijumlishwe kamwe. Useme zilivutwa biri ngapi, maana ndugu wa sanduku moja hutofautiana, na moja haitoshi kuhukumu fundi wala shamba. Na useme nani alizilipia. Jarida linaloishi kwa matangazo ya viwanda laweza kuwa na wakaguzi waadilifu kabisa, wasioona pete. Ila biri ipi ifike mezani kwao na ipi isifike, hilo huamuliwa pete zikiwa bado zimevaliwa.