Rhamu nayo yataka baraza ya mji

Mtu wa Pwani haelezwi baraza ni nini. Ni kibao cha mawe nje ya nyumba: unakaa, unapiga gumzo, unaondoka, wala hakuna anayekuuliza umenunua nini. Lakini baraza zetu ni za wanaume, na jua likiwaka hazikaliki. Je, mji unaweza kujenga baraza ya watu wote, yenye paa?

Helsinki, mji mkuu wa Ufini, wameijenga. Jengo lenyewe linaitwa Oodi, nalo lilifunguliwa tarehe 5 Desemba 2018, mkesha wa sikukuu ya uhuru wa nchi hiyo. Liko katikati ya mji, limetazamana na Bunge. Umbo lake si la kawaida: mbao zimepinda kama ubavu wa jahazi, na juu yake imekaa ghorofa ya vioo.

Kwa jina ni maktaba, lakini vitabu, vipatavyo laki moja, vimepewa ghorofa ya juu. Ya chini ina ukumbi, mkahawa na sinema. Ya kati ina cherehani, vyumba vya kurekodia sauti, vyumba vya mikutano, hata jiko la kupikia pamoja. Kuingia ni bure. Gharama yake ilikaribia yuro milioni 98.

Nayasema haya nikiwa Rhamu, kaunti ya Mandera, ambako kazi imenileta kutoka Pwani. Wasomali walianza kufika Ufini kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na leo Kisomali ni miongoni mwa lugha za kigeni zinazosikika sana Helsinki. Kwa hiyo mtoto wa ukoo mmoja anashona na kusoma bure kule, na binamu yake huku hana pa kukaa. Kijana wa kiume atapata kibanda cha mpira au kijiwe cha miraa. Binti akishatoka shule na chuoni, ni nyumbani tu.

Wako watakaosema maji na hospitali kwanza. Kweli, lakini hakuna aliyesema tujenge Oodi. Vioo vile ni vya nchi ya baridi. Rhamu vingekuwa tanuri. Hapa panatosha nyumba ya kuta nene kama za wazee wetu wa Lamu, ukumbi mpana wa kivuli, madirisha ya kupitisha upepo, umeme wa jua, na msingi ulioinuliwa kwa sababu mto Daua ukifurika hauna adabu. Weka vitabu, meza za kusomea usiku, cherehani chache, na sehemu ya akina mama yenye mlango wake. Adabu ya mji itabaki pale pale.

Wala Kaskazini Mashariki si wageni wa jambo hili. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ilianzisha maktaba ya ngamia huko Garissa: ngamia wanabebeshwa masanduku ya vitabu na hema, wanawafuata wafugaji waliko. Ikiwa maktaba iliweza kutembea, kusimama itashindwaje?

Sasa ni kazi ya nani? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka maktaba, makumbusho, sinema, viwanja vya michezo na mahali pa burudani mikononi mwa kaunti, si Nairobi. Na sheria ya fedha za umma inaitaka kila kaunti kupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Kabla ya hapo wananchi wana haki ya kutoa maoni. Mara nyingi tunaomba barabara na visima, kisha tunanyamaza. Ombi lisiloandikwa halipewi fungu.

Wazee, akina mama na vijana wa Rhamu, mkiitwa kwenye kikao hicho, nendeni na ombi hili kwa maandishi: kiwanja, ukubwa wa nyumba, na nani ataiendesha na kumlipa mkutubi, maana jengo lisilo na mhudumu hugeuka stoo. Na sisi wa Kilifi, Kwale na Tana River tusiwacheke. Tujihesabu tuna nyumba ngapi za namna hiyo. Kivuli cha bure ni haki ya mkaazi, si sadaka ya mwanasiasa.