Darasa la Mtandaoni Katika Chama cha Msingi

Elimu ni mojawapo ya misingi ya ushirika duniani pote. Tangu Chuo cha Ushirika kilipoanzishwa Moshi mwaka 1963, elimu hiyo imewafikia wanachama kwa madarasa, kwa masomo ya posta na kwa vipindi vya redio. Wazee wengi wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo wanakijiji walikusanyika kuizunguka redio moja, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakatenda. Darasa la mtandaoni ni mwendelezo wa njia hiyo. Tofauti ni kwamba sasa kikundi kinaweza kumwuliza mwalimu swali na kujibiwa papo hapo.

Katibu wa chama cha Nyarugusu au Masumbwe anapoitwa mafunzoni Kizumbi, Shinyanga, hulazimika kuacha mizani na vitabu kwa siku kadhaa. Tena hurudi na elimu iliyomo kichwani mwa mtu mmoja. Mathalani, mizani ikimpunja kila mkulima kilo 5 za pamba kwa bei ya shilingi 1,200, wakulima 200 watapoteza shilingi 1,200,000. Hasara ya namna hiyo hugunduliwa mapema pale ambapo wanachama wenyewe wanajua kusoma stakabadhi na leja.

Programu za darasa hilo ni nyingi. Zoom na Google Meet hutumika sana mikutanoni. BigBlueButton, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carleton, Canada, mwaka 2007, iliundwa mahsusi kwa kufundishia, na mwalimu huandika ubaoni huku wanafunzi wakimwona. Mwalimu ndiye huchagua programu. Chama hupokea kiungo kwa simu na kukibonyeza saa ya somo inapofika.

Chama kinachotaka kuanza kifuate hatua hizi:

Kwanza, kitafute simu janja au kompyuta moja, kipaza sauti, na mahali penye mtandao mzuri. Betri ijazwe umeme mapema.

Pili, katibu afanye jaribio siku moja kabla ya somo. Ajifunze kufungua na kufunga kipaza sauti, kuinua mkono na kuandika swali.

Tatu, wanachama wasizidi idadi inayoweza kusikia vizuri. Kipaza sauti kifungwe wakati mwalimu anaposema, na mtu mmoja aulize kwa niaba ya kikundi.

Nne, mtandao ukiwa dhaifu, kamera izimwe. Picha hutumia bando kubwa kuliko sauti. Ikumbukwe pia kwamba Zoom isiyolipiwa hukatika baada ya dakika 40. Kwa hiyo mambo ya lazima yatangulie.

Tano, stakabadhi zenye majina na namba za akaunti za wanachama zisionyeshwe kwenye kamera. Mfano uandikwe kwa majina ya kubuni.

Somo likiisha, kazi haijaisha. Kikundi kibaki angalau nusu saa, kichukue leja ya chama na kutenda kile kilichofundishwa. Yaliyokubaliwa yaandikwe katika kitabu cha kumbukumbu na kusomwa kwenye mkutano unaofuata. Mashine huleta sauti ya mwalimu hadi ghalani, lakini kulinda mali ya chama ni wajibu wa wanachama wenyewe.