Ukikopa chakula cha ugenini, usiache mapishi yake nyuma

WAHENGA walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii inaafiki vyema hali ya jikoni mwa Mkenya, ambamo wageni ni wengi kuliko wenyeji, ila wameishi nasi kwa muda mrefu hivi kwamba ni nadra mtu kuwatambua kuwa ni wageni.

Mahindi asili yake ni Mexico. Maharagwe, muhogo na njugu karanga pia vilitoka katika bara la Amerika. Chapati, kachumbari na ndengu ni vya Bara Hindi. Pilau na biriani ni majina yenye mizizi katika lugha ya Kiajemi, ilhali kaimati zina ndugu zao kote Uarabuni. Hata chai, kinywaji ambacho bila hicho asubuhi ya Mkenya haijakamilika, ilianza kupandwa humu nchini, huko Limuru, mwaka wa 1903.

Kwa hivyo, mama anayepika githeri Jumatatu, chapati na ndengu Jumatano, kisha pilau Jumamosi wageni wanapofika, tayari anapika vyakula vyenye asili ya mabara mengine bila kuvuka kizingiti cha mlango wake.

Siku hizi wengi wanatamani kwenda mbali zaidi. Simu na runinga zimesheheni mapishi ya Italia, Mexico, Uchina na Brazil, na si ajabu kusikia kijana akijaribu tortilla katika chumba cha kupanga kwa jiko la gesi la mtungi mdogo. Hilo ni jambo la kutia moyo. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo aghalabu husahaulika.

Chakula husafiri upesi kuliko maarifa ya kukipika. Mbegu hutiwa guniani ikavuka bahari, lakini ujuzi hubaki mikononi mwa waliolizoea zao hilo. Wakati mwingine hasara yake ni donge la unga linalovunjikavunjika tu. Wakati mwingine, kama historia inavyoonyesha, hasara huwa ni maradhi na vifo.

Mahindi bila chokaa

Wataalamu wanakadiria kwamba mahindi yalianza kulimwa Mexico takriban miaka 9,000 iliyopita. Wenyeji wa huko hawakuyasaga makavu kama tufanyavyo sisi. Waliyachemsha katika maji yaliyotiwa chokaa au jivu, wakayaacha yalale humo usiku kucha, wakayaosha hadi maganda yakatoka, ndipo wakayasaga yakiwa bado yana unyevu. Donge lililopatikana ndilo hutandazwa na kuchomwa kwenye kikaango kikavu likawa tortilla.

Kazi hiyo haikuwa mbwembwe. Ndani ya punje ya mahindi mna niasini, vitamini mojawapo ya kundi B, lakini imefungika kiasi kwamba mwili hauwezi kuifaidi ipasavyo. Chokaa huifungua. Fauka ya hayo, chokaa huongeza madini ya kalisi na kuufanya unga ushikamane. Ndiyo sababu anayejaribu tortilla kwa unga wetu wa ugali huambulia makombo: unga haukupitia chokaa, na hauwezi kutandazwa ukakaa pamoja.

Baada ya safari ya Christopher Columbus ya mwaka wa 1492, Wazungu waliichukua mbegu ya mahindi, lakini mapishi wakayaacha huko huko. Mahindi yalistawi, yakawa chakula cha maskini, na kaskazini mwa Italia uji mzito uitwao polenta, binamu wa ugali wetu, ukawa mlo wa asubuhi, mchana na jioni.

Mwaka wa 1735, daktari Gaspar Casal wa Uhispania alianza kueleza ugonjwa uliowapata wakulima maskini wa mkoa wa Asturias. Ngozi iliwababuka, wakaharisha, wakachanganyikiwa akili na hatimaye wakafa. Waitalia waliuita pelagra, yaani ngozi yenye ukakasi. Kwa karne mbili wengi walidhani kwamba ulitokana na mahindi yaliyooza au vijidudu.

Joseph Goldberger, daktari wa serikali ya Marekani aliyetumwa kuuchunguza ugonjwa huo katika majimbo ya kusini mwaka wa 1914, ndiye aliyeonyesha kwamba chanzo chake ni lishe duni. Mwaka wa 1937 mwanasayansi Conrad Elvehjem alibainisha kwamba kilichokosekana ni niasini. Kumbe kinga ilikuwa katika chungu cha Mexico muda wote huo.

Mtu asidhani kwamba hayo ni ya kale na ya mbali. Mwaka wa 1990, zaidi ya wakimbizi 17,000 wa Msumbiji waliokuwa katika kambi nchini Malawi walipatwa na pelagra. Mgao wao ulikuwa hasa mahindi, na njugu karanga zilizokuwa zikiwapa niasini zilikuwa zimeacha kufika.

Funzo kwa Mkenya ni kwamba usalama wa ugali umo katika kinachoandamana nao. Maharagwe, maziwa, samaki, nyama na njugu huupa mwili kile ambacho mahindi peke yake hayatoi. Githeri, pamoja na muthokoi wa Ukambani unaopikwa na maharagwe au mbaazi, ni mapishi ya hekima kubwa, wala si chakula cha kudharauliwa. Hatari hubisha hodi pale ambapo bei hupanda, kitoweo kikapunguzwa siku baada ya siku, hadi sahani ikabaki na ugali na mchuzi mwepesi.

Ni kweli kwamba tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya inawataka wenye viwanda kuongeza vitamini na madini, niasini ikiwemo, katika unga wa mahindi wa pakiti. Lakini familia nyingi hupeleka mahindi yao kwenye mashine ya kusagia ya mtaani, ambako hakuna kinachoongezwa.

Muhogo hutaka subira

Kisa cha pili ni cha muhogo. Watu wa msitu wa Amazon, ambako zao hili lilienea tangu kale, walijua kwamba aina chungu za muhogo zina sumu ya sianidi. Waliukuna, wakaukamua katika kikapu kirefu kilichosukwa, kisha wakaukaanga ukawa chenga kavu ambazo Wabrazili hadi leo hunyunyizia mchuzi na maharagwe.

Wareno walipolileta zao hili Afrika, jamii nyingi zilibuni njia zao. Katika nchi ya Kongo, kwa mfano, muhogo mchungu hurowekwa kwa siku kadhaa hadi ukalainika na kuchacha kidogo, ukaanikwa juani, ndipo ukatwangwa kuwa unga. Kila hatua huondoa sehemu ya sumu.

Hatua hizo zikirukwa, mambo huharibika. Mwaka wa 1981, ukame ulipoikumba Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, mazao mengine yalikauka na ukabaki muhogo mchungu. Kwa njaa, watu hawakuweza kungoja uroweke na kukauka ipasavyo. Zaidi ya watu 1,000, wengi wao wakiwa wanawake na watoto, walipooza miguu. Ugonjwa huo huitwa konzo, neno la Wayaka wa Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa, na aliyepooza hivyo haponi tena kikamilifu. Lishe isiyo na protini ya kutosha huuzidisha.

Kwa mpishi wa nyumbani, kanuni ni nyepesi. Muhogo mtamu umenywe, ukatwe vipande, uchemshwe kwa maji mengi hadi uive, na maji hayo yamwagwe. Muhogo mchungu usichemshwe tu ukaliwa. Nao ulio mtamu usitafunwe mbichi kwa wingi kwa sababu tu mtu ana haraka. Haraka haraka, tuliambiwa, haina baraka.

Maharagwe mekundu na bei ya gesi

Kisa cha tatu kinamhusu kila mtu mwenye jiko. Maharagwe mekundu makubwa yana kemikali iitwayo lektini. Yakiliwa mabichi au yakiwa hayajaiva vizuri, hata machache tu, huleta kutapika na kuharisha saa chache baadaye.

Bibi aliyeinjika githeri juu ya mafiga asubuhi akaiepua alasiri hakuhitaji onyo hili. Anayelihitaji ni mjukuu wake mjini, ambaye gesi ni ghali na mapishi ya maharagwe ya Mexico, Texas au India aliyoyaona kwenye simu yanamwambia apike polepole kwa moto mdogo. Moto mdogo pasipo mchemko hauiharibu sumu hiyo.

Roweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji hayo, tia mengine, kisha yachemshe kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi; kuna wataalamu wanaopendekeza hata dakika 30. Baada ya hapo ndipo moto upunguzwe hadi yaive. Kuroweka hakugharimu hata senti, na hupunguza muda wa mapishi na matumizi ya makaa au gesi.

Ukoko na shira

Si kila siri ya mapishi inahusu uhai na kifo. Nyingine zinahusu utamu tu, na hizo nazo zina sababu zake.

Chukua wali. Katika pwani yetu wali hupikwa hadi maji yakauke, na ukoko ulio chini ya sufuria huwa fungu la watoto. Nchini Iran, mchele huoshwa, hurowekwa, huchemshwa nusu na kuchujwa, kisha hurudishwa katika sufuria yenye samli na kufunikwa kwa kitambaa. Huko ukoko huitwa tahdig, huachwa makusudi ukawa wa rangi ya dhahabu, na mgeni wa heshima ndiye huwekewa. Kuosha mchele ndiko huondoa wanga ulio juu ya punje, wali usigandamane. Anayepuuza hatua hiyo asilaumu mchele.

Au chukua kaimati. Vitumbua hivi vya unga wa ngano na hamira huliwa kote katika Ghuba, ambako huitwa luqaimat na mara nyingi humwagiwa asali ya tende. Uturuki huitwa lokma. Sisi tunazo zetu za shira ya sukari na iliki. Wengi hulalamika kwamba shira yao hugeuka chenga za sukari ikipoa. Dawa ni matone ya ndimu inapochemka. Ukali wa ndimu huivunja sehemu ya sukari ikawa za aina nyingine mbili, na mchanganyiko huo hauwezi kugandamana kwa urahisi. Anayedhani kwamba ndimu ni ya harufu tu ndiye huiacha, kisha akashangaa.

Maswali matatu

Msomaji anayetaka kuingiza chakula kipya nyumbani mwake hana haja ya kuwa mwanasayansi. Atajiepusha na mengi akijiuliza maswali matatu.

Kwanza, wenyewe hufanya nini kabla ya kuwasha moto? Kuroweka, kuchachusha, kuosha na kuacha donge litulie ndizo hatua ambazo mapishi ya mkato huziondoa kwanza.

Pili, wenyewe hukila na nini? Wamexico huila tortilla kwa maharagwe. Wabrazili huzitia zile chenga za muhogo katika mchuzi wa maharagwe na nyama. Chakula kilichotenganishwa na mwenzake huwa nusu ya chakula.

Tatu, ni kipi kinachoweza kubadilishwa na kipi kisichoweza? Jibini ya Italia ikikosekana, iliyo dukani itafaa. Sukumawiki zitakaa pahala pa mboga za Wareno bila lalama. Tortilla yaweza kufanywa kwa unga wa ngano, kama wafanyavyo watu wa kaskazini mwa Mexico, na ajuaye chapati hatatatizika. Lakini chokaa katika mahindi, muda wa muhogo majini na mchemko wa maharagwe havina mbadala. Na atakayejaribu chokaa atafute ile maalumu ya chakula, wala asithubutu kutumia ya kupaka ukutani.

Maswali hayo hayo yafaa kuulizwa nyumbani. Bibi na nyanya waliobaki vijijini wanajua ni muhogo upi wa kurowekwa na kwa siku ngapi, muthokoi hukobolewa vipi, na mtama huchanganywa na nini ili uji usikose nguvu. Mengi ya hayo hayajaandikwa popote. Anayekwenda mashambani likizoni achukue daftari na kalamu, akae karibu na mafiga, aulize na kuandika vipimo na nyakati. Zao likikauka mwaka huu, hupandwa tena mvua ikirejea. Maarifa ya mpishi yakizikwa naye, hayana mbegu.