Rejeta Inapovuja Ugenini

Ninyi wanafunzi mnaofunga safari ya ng'ambo, nanyi walimu mnaowaaga, hili halimo vitabuni. Nikisoma Leeds, Uingereza, usiku mmoja wa baridi kali niliona zulia limelowa maji meusi chini ya rejeta. (Si ya gari, ni ile ya ukutani, ipitishayo maji moto kupasha chumba joto.) Nikatega beseni, nikanyamaza majuma matatu, nikichelea mwenye nyumba asije akanidai fidia. Kumbe weusi ule ulikuwa kutu, chuma kikiliwa kutoka ndani. Hatimaye jirani, mzee mstaafu, alifunga vali zote mbili, akakaza nati ya kiungo kwa spana, robo mzunguko tu. Matone yakakoma. Zulia lilikwisha kuoza, nikalilipa.