Kofia ya felti ya zamani: namna ya kuitambua kwenye chagua na kuirudishia umbo lake

Kila tarehe 10 Februari, watu wa Sape wanapokusanyika kwenye makaburi ya Gombe, Kinshasa, kumkumbuka Stervos Niarcos, macho ya watazamaji huanzia kwenye viatu na makoti. Kofia hutazamwa mwisho. Hata hivyo, kofia nzuri ndiyo ngumu zaidi kupata. Borsalino mpya huuzwa Ulaya kwa mamia ya euro, wakati kofia yenye ubora kama huo, iliyotengenezwa miaka 60 au 70 iliyopita, inaweza kuwa imelala chini ya rundo la nguo za chagua, imebonyea na imejaa vumbi. Mchuuzi asiyeijua huiuza kwa bei ya kofia ya plastiki. Na mnunuzi asiyejua hulipa pesa nyingi kwa kofia ya plastiki yenye alama ya dhahabu.

Jambo hili haliwahusu watu wa Sape peke yao. Huku Kivu, kofia ya felti, ile iitwayo feutre kwa Kifaransa, bado ni kofia ya mzee mwenye heshima. Familia zingine huiandika hata kwenye orodha ya mahari, pamoja na suti ya baba mkwe. Kijana akileta kofia inayolegea kama kitambaa kwenye mvua ya kwanza, aibu ni yake, si ya mchuuzi.

Felti haifumwi wala haishonwi. Ni manyoya yaliyoshikamana kwa maji ya moto, mvuke na kusukwasukwa kwa muda mrefu, mpaka yawe kitu kimoja. Felti ya bei ndogo hutoka kwenye sufu ya kondoo. Ile nzuri hutoka kwenye manyoya laini ya ndani ya sungura, au ya biva, mnyama wa mito ya nchi za baridi. Giuseppe Borsalino alianzisha kiwanda chake Alessandria, Italia, mwaka 1857. John B. Stetson alianza chake Philadelphia, Marekani, mwaka 1865. Kabla ya Vita vya kwanza vya dunia, Borsalino ilikuwa imefikia kofia kama milioni 2 kwa mwaka. Baadaye, kuanzia miaka ya 1960, wanaume wa Ulaya na Marekani waliacha kuvaa kofia, viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, na Borsalino yenyewe ilitangazwa kufilisika mwezi wa Desemba 2017 kabla ya kupata wenye mali wapya. Kofia za zamani zilibaki kwenye makabati ya marehemu, na kutoka huko nyingine huingia kwenye mitumba.

Tusisahau makabati ya kwetu. Picha za miaka ya 1950 za Léopoldville na Élisabethville zinaonyesha makarani wengi wenye suti na kofia za felti. Kisha kukaja wakati wa abacost, suti na kravati zikawekwa pembeni mpaka hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990. Kabla ya kwenda sokoni, uliza kwanza ndani ya sanduku la babu.

Sokoni, usianze na alama. Jina lililopigwa kwa dhahabu kwenye ngozi ya ndani linaweza kupigwa na mtu yeyote, na zile X za kofia za Kimarekani (3X, 5X na kuendelea) kila kampuni huzihesabu kwa njia yake. Anza na vidole. Felti ya sungura ni nyembamba na laini, lakini ukiikunja ukingo na kuuachilia, unarudi mahali pake. Ya sufu ni nene, inakwaruza kidogo. Inua kofia kwenye jua na utazame kwa ndani: tundu dogo la nondo litaonekana kama nyota. Kofia yenye matundu kichwani iache. Ukingo ulioliwa kidogo pembeni unaweza kupunguzwa. Pindua ngozi ya ndani polepole. Ikikatika kama karatasi kavu, punguza bei. Kwa mwenye mashaka, kuna jaribio la moto: ng'oa nyuzi chache chini ya ngozi na uzichome. Manyoya hunuka kama nywele zilizoungua. Plastiki huyeyuka na kuwa tone gumu. Bila shaka, lipa kwanza au umwombe mchuuzi ruhusa.

Kipimo pia huwachanganya wengi. Wazungu wa bara huandika sentimita, lakini kofia iliyoandikwa 7 1/4 huko Marekani ni sawa na 7 1/8 ya Uingereza, na zote mbili ni 58. Pima kichwa chako kwa utepe, kidole kimoja juu ya masikio, na uende na namba yako.

Sasa umbo. Kofia iliyobonyea haijaharibika, kwa sababu felti hukubali kuumbwa upya kila inapopata mvuke. Weka birika kwenye mbabula, maji yachemke vizuri. Shika kofia juu ya mvuke, mbali kiasi cha kutoungua mkono, na uizungushe bila kusimama mahali pamoja. Ngozi ya ndani isiguswe na mvuke: ngozi iliyopata joto na maji hujikunja na kofia hukuwa ndogo. Felti ikilegea, sukuma kichwa cha kofia kutoka ndani mpaka mikunjo yote ya zamani iishe na kichwa kiwe cha mviringo kama chungu. Hapo ndipo wengi huharakisha. Acha ipoe kidogo, irudishe kwenye mvuke, kisha kwa ubavu wa mkono fanya bonde moja katikati, kutoka mbele kwenda nyuma, na ubonyeze pande mbili za mbele kwa vidole. Ukingo utandazwe kwenye ubao, upigwe pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa chenye unyevu. Ikauke usiku mzima kivulini, ikiwa imepinduliwa, kichwa chini. Jua na moto huifanya ngumu na yenye kuvunjika.

Anayetaka kuifanya kazi hii kila siku amwombe seremala kalibu ya mbao. Iwe ya mviringo mrefu kama yai, kwa sababu kichwa cha mtu si duara, sufuria haifai.

Kuna hatari moja ambayo wachuuzi hawaitaji. Kwa zaidi ya miaka 100, viwanda vilitumia zebaki kushikamanisha manyoya, ile ile ambayo wachimbaji wadogo wa zahabu Ituri na Kivu ya Kusini hutumia leo. Wafanyakazi walitetemeka mikono na kupoteza akili. Mji wa Danbury, Marekani, uliacha hata jina lake kwenye ugonjwa huo. Marekani iliacha kazi hiyo mwaka 1941, lakini majumba ya makumbusho bado hukuta zebaki ndani ya kofia za kale, na wahudumu huzishika kwa glavu. Aliyetengeneza alipatwa kuliko anayevaa. Hata hivyo, kwa kofia ambayo huenda ni ya kabla ya miaka ya 1940, fanya kazi ya mvuke nje, si jikoni wala mahali watoto wanalala, usiisugue kwa msasa, na unawe mikono.

Iliyobaki ni ngozi ya ndani. Kama imekatika, fundi viatu anaweza kukata nyembamba mpya, yenye urefu wa kipimo cha kichwa chako, na kuishona kwa mkono kwenye matundu yale yale ya zamani, bila kutoboa mengine.