Soko la Kibaigwa: Faida ya halmashauri na wafanyabiashara kushikana mikono

WAHENGA walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Usemi huo unadhihirika Kibaigwa, mji mdogo wa Wilaya ya Kongwa ulioko kando ya barabara kuu ya Dodoma hadi Morogoro.

Kabla ya soko la kisasa la nafaka kujengwa mwaka 2004, mkulima wa Kongwa au wa Kiteto mwenye mahindi ya ziada alikuwa akimsubiri mnunuzi shambani. Bei ilipangwa na mwenye lori. Soko lilijengwa kwa ushirikiano wa Serikali, Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania (MVIWATA) na Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Uendeshaji wake ulipangwa kuwa chini ya bodi yenye wakulima, wafanyabiashara na wawakilishi wa serikali za mitaa.

Faida ya utaratibu huo ni kwamba kila upande una chake. Mkulima anakutana na wanunuzi wengi kwa wakati mmoja. Mfanyabiashara anajaza lori bila kuzunguka vijiji kumi. Halmashauri inakusanya ushuru mahali pamoja badala ya kutawanya vizuizi barabarani. Mama lishe, wapakiaji, wenye maghala na wenye nyumba za wageni nao wanapata riziki.

Hata hivyo, soko halisimami kwa kuta na paa peke yake. Adui wake mkubwa ni lumbesa. Sheria inakataza kufungasha mazao ya shamba kwa zaidi ya kilo 100 kwa gunia, lakini huko vijijini magunia yenye vilemba bado yanaonekana.

Tuchukue mfano. Mkulima anauza magunia kumi, kila moja likiwa na kilo 120, lakini analipwa kama la kilo 100. Kwa bei ya Sh600 kwa kilo, amepoteza kilo 200, yaani Sh120,000. Halmashauri inayotoza ushuru wa asilimia 3 kwa kuhesabu magunia nayo inapoteza Sh3,600 katika mzigo huo huo. Mfanyabiashara anayenunua kwa mizani anashindwa kushindana na yule wa lumbesa. Watatu wanaumia, mmoja anacheka.

Hapo ndipo ushirikiano unapohitajika. Halmashauri peke yake haiwezi kuweka mlinzi katika kila shamba. Lakini wafanyabiashara wakikubaliana kununua kwa kilo, Wakala wa Vipimo ikakagua mizani, na vikundi vya wakulima vikakataa kufunga vilemba, lumbesa itakosa pa kujificha.

Jambo la pili ni ushuru wenyewe. Kwa mujibu wa sheria, ushuru wa mazao hulipwa na mnunuzi. Mwaka 2017 Serikali iliushusha kutoka asilimia 5 hadi kiwango kisichozidi asilimia 3, na mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine ukasamehewa. Mkulima mdogo au mchuuzi asiyejua hayo ni rahisi kutozwa asichostahili.

Ni kweli kwamba mnunuzi hurudisha sehemu ya ushuru kwa mkulima kwa kupunguza bei. Kwa sababu hiyo mkulima ana haki ya kuuliza fedha hizo zinafanya nini. Ushuru ukirudi kwa njia ya choo safi, taa, maghala na barabara ya kutoka shambani, wanunuzi huongezeka na bei hupanda. Usiporudi, wanunuzi hukimbilia vichochoroni na halmashauri hubaki na soko tupu.

Chombo cha kuzungumzia mambo haya kipo. Baraza la Taifa la Biashara lilianzishwa mwaka 2001, na chini yake yapo mabaraza ya mikoa na wilaya ambamo viongozi wa Serikali na sekta binafsi hukaa meza moja. Tatizo ni kwamba vikao visipoitishwa, au wakialikwa wenye maduka makubwa tu, mkulima na mchuuzi hupangiwa mambo wasiyoyajua.

Hivyo basi, kabla ya msimu wa mavuno, vikundi vya wakulima na wafanyabiashara wadogo wamwulize diwani wao mambo matatu: kikao cha baraza la biashara la wilaya ni lini, nani anawawakilisha, na ushuru wa msimu uliopita umejenga nini. Mwenye kuuliza hana ujinga.