Washindani Chini ya Paa Moja: Vituo vya Kubadilishana Data za Intaneti

Intaneti, kinyume cha inavyodhaniwa na wengi, si mtandao mmoja. Ni mitandao maelfu, kila mmoja una mwenyewe, iliyokubaliana kupokezana data. Makubaliano hayo yakikosekana baina ya kampuni mbili za mji mmoja, data haziachi kusafiri, bali huzunguka mbali. Ndivyo ilivyokuwa Nairobi hadi mwaka 2000. Mteja wa kampuni moja alipomwandikia mteja wa kampuni nyingine, hata wakiwa majirani, ujumbe ulipanda hadi kwenye setilaiti, yapata kilomita 36000 juu ya ikweta, ukashuka Ulaya au Marekani, kisha ukarudi Kenya kwa njia kama hiyo. Kwenda na kurudi kwa data kulichukua sekunde moja hadi mbili, na safari hiyo isiyo na haja ililipiwa kwa fedha za kigeni.

Dawa ya hali hiyo ni kituo cha kubadilishana data. Kiufundi, jambo lenyewe ni jepesi. Kila kampuni huvuta waya wake hadi katika chumba kimoja, na nyaya zote huunganishwa kwenye swichi. Mitambo ya kampuni hizo huarifiana ni anwani zipi zinazohudumiwa na nani. Data za humo nchini hupita hapo hapo, na zile tu zinazokwenda ng'ambo ndizo hutolewa nje. Hakuna kampuni inayompoteza mteja wala inayoamuliwa bei zake. Ushindani hubaki palepale, kwa kuwa kinachoshirikiwa ni njia, si biashara.

Ugumu umo katika mambo ya watu. Chumba hicho kikimilikiwa na mshindani mmoja, wengine watahofia kuwa siku moja atawafungia mlango. Kwa sababu hiyo, nchini Kenya kazi hiyo ilifanywa na chama cha kampuni zenyewe, TESPOK, ambacho kilifungua kituo cha KIXP mwezi Novemba 2000. Lakini Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na baada ya majuma mawili hivi Tume ya Mawasiliano iliamuru kituo kifungwe.

Kampuni zilikata rufani. Hoja yao ilikuwa wazi: ujumbe utokao Nairobi na kufika Nairobi si wa kimataifa, ulipelekwa nje kwa kukosa njia ya ndani tu. Kila ujumbe uliobaki nyumbani ulipunguza mapato ya yule aliyekuwa na haki ya njia ya nje, na hapo ndipo palipokuwa na kiini cha ugomvi. Mwezi Novemba 2001 Tume ilikubali kutoa leseni, na mwezi Februari 2002 kituo kilifunguliwa upya. Muda wa data kwenda na kurudi ulishuka hadi milisekunde 60 au 80.

Nchini Kongo, kituo cha kwanza, KINIX, kilianzishwa Kinshasa mwaka 2012. Baadaye Lubumbashi na Goma zikapata vituo vyao. Wingi huo si anasa. Kituo hufupisha njia mahali kilipo: mkazi wa Goma hapati nafuu kubwa ikiwa data zake za kumfikia jirani zinapitia Kinshasa.

Hata hivyo, soko lisilo na bidhaa halina wanunuzi. Iwapo tasnifu, kamusi na majarida ya chuo kikuu cha Lubumbashi yamehifadhiwa katika kompyuta iliyoko Ulaya, msomaji wa Lubumbashi atayafuata huko huko, kituo kiwepo kisiwepo. Wahandisi hufupisha njia. Ni juu ya wenye maktaba na wenye lugha kuamua hazina yao ikae mwisho upi wa njia hiyo.